Kicheko kina mtunzi, naye anastahili jina na ujira

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Kata ya Gendabi, Wilaya ya Hanang)



Gendabi ni kijiji kilichoingia katika habari za dunia kwa njia ya msiba. Desemba 3, 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka miteremko ya Mlima Hanang, yakaipiga Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mtu anaweza kuuliza, tena kwa haki kabisa, kama ni adabu kufika mahali kama hapa na kuzungumza juu ya vichekesho na juu ya watu wanaovitungia televisheni. Jibu la swali hilo limo ndani ya mila za nchi yetu wenyewe.

Kwa makabila mengi ya Tanzania, mchekeshaji wa kwanza alifanya kazi yake matangani. Mtani huingia msibani wakati wengine wanalia, akamwiga marehemu alivyotembea na alivyokohoa, akadai deni ambalo halikupata kuwapo, akazuia kazi ya kaburi mpaka apewe chochote. Waliofiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na kwa kicheko hicho hurudi katika jamii ya walio hai. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19. Leo ni watani, na mahali palipokuwa na mkuki pamebaki maneno.

Sheria za utani ni tatu, na yafaa zizingatiwe. Kwanza, mtani anajulikana. Hakuna mtani asiye na jina. Pili, mtani hupewa haki yake. Hatoki msibani mikono mitupu. Tatu, anayetania hutaniwa. Leo yeye kakucheka, kesho wewe utamcheka, na wote wawili mnabaki sawa. Jina, haki na usawa: hizo ndizo nguzo ambazo kicheko cha Mwafrika kilisimama juu yake kabla ya kuwapo redio wala televisheni.

Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba televisheni ilipokichukua kicheko, iliziacha nguzo zote tatu njiani. Mtunzi amepoteza jina. Amepoteza haki yake. Na kwa kuwa hakuna mtunzi anayepewa nafasi ya kukaa chini akafikiri, usawa nao umepotea, na kicheko kimegeuka kuwa fimbo ya kumpigia mnyonge. Dawa ya hali hii inaanzia kwenye kalamu, na kwa hiyo inamhusu mwalimu kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Historia fupi itasaidia. Watafiti wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameeleza kwamba vichekesho, kama aina ya mchezo wa jukwaani, vilikua katika nchi hii wakati wa ukoloni, hasa mashuleni na mijini. Shabaha yake mojawapo ilikuwa mtu wa kijijini: yule asiyejua kutumia kijiko, asiyejua kuvaa viatu, anayestaajabu kuona gari. Mwanafunzi aliyesoma kidogo alisimama mbele ya wenzake akamcheka babu yake, na mkoloni akapiga makofi. Hiyo ilikuwa kasumba iliyovaa nguo za furaha. Baadaye wananchi waliugeuza upanga huo, wakaanza kumcheka mkubwa mwenyewe pamoja na vibaraka wake. Lakini mbegu ya kwanza haikufa, na matunda yake yanaonekana hata leo.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, sanaa za maonyesho zilipewa heshima mpya. Vikundi vya mashirika, viwanda na majeshi vilizaliwa. Katika miaka ya 1980 Muungano Cultural Troupe, chini ya Norbert Chenga, kilijaza kumbi za Dar es Salaam, na mwaka 1992 kikazaliwa Tanzania One Theatre, kikundi cha Chama kilichoongozwa na Kapteni John Komba. Mtu aliyelipa kiingilio alipata, katika onyesho moja, ngoma, sarakasi, kwaya, taarabu, kichekesho na mchezo wa kuigiza. Hayo yalikuwa maonyesho ya mseto kwa maana kamili, wala hayakuigwa kutoka Ulaya.

Je, vichekesho hivyo viliandikwa na nani? Kwa kawaida havikuandikwa. Kiongozi au mchezaji mmoja alisimulia kisa, kila mtu akapewa nafasi yake, na maneno yakajengwa katika mazoezi na kukamilishwa mbele ya watazamaji. Njia hiyo ina sifa kubwa. Mchezaji aliusikia ukumbi. Neno lililopokewa kwa kicheko alilirudia kesho, na lililopokewa kwa kimya alilitupa. Kichekesho kimoja kiliweza kuzungushwa kwa miezi mingi, kutoka wilaya hadi wilaya, kikiboreshwa kila siku. Mtunzi alikuwapo, ila karatasi haikuwapo. Vikundi vilipofifia, utunzi wake ulikwenda navyo.

Redio nayo ilikuwa na utamaduni wake. Wasikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi, jina lililotoka katika methali ya zamani isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi. Nchi nzima ilizijua sauti zile. Lakini muulize leo mtu yeyote wa umri mkubwa ni nani aliyekuwa akitunga visa vile vya ulaghai na werevu, naye atakutajia wahusika badala ya mtunzi.

Kisha ikaja televisheni. Zanzibar ilitangulia katika miaka ya mwanzo ya 1970. Bara ilingoja hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na baadaye ikafuata televisheni ya taifa ambayo leo ni TBC. Ujio huo ulibadilisha hesabu yote ya kichekesho, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kikundi cha jukwaani kiliweza kuishi kwa visa kumi kwa mwaka. Kipindi cha televisheni cha nusu saa kila juma kinadai saa 26 za vichekesho kwa mwaka, na kila kisa huliwa usiku mmoja tu, kwa kuwa nchi nzima imekwisha kukiona. Televisheni ni zimwi lisiloshiba. Hakuna mchezaji, hata awe na kipaji cha namna gani, anayeweza kulilisha kwa maneno ya papo kwa papo mwaka hadi mwaka.

Nchi zilizotangulia katika kazi hii ziliitambua hesabu hiyo mapema. Marekani, kati ya 1950 na 1954, kilikuwapo kipindi cha mseto kilichoitwa Your Show of Shows, kikiongozwa na mchekeshaji Sid Caesar. Kila Jumamosi kilirushwa moja kwa moja kwa dakika 90. Nyuma yake kilikuwapo chumba cha waandishi: Mel Tolkin, Lucille Kallen, Neil Simon na wenzao, wakibishana, wakifuta na kuandika upya. Kijana Mel Brooks aliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa nyuma, akilipwa na Caesar mwenyewe kutoka mfukoni mwake dola 50 kwa juma. Miaka ilivyopita, Brooks alipata Tuzo ya Oscar kwa mswada wa filamu yake The Producers, naye Simon akapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1991. Hiyo ndiyo inayoitwa njia ya kazi: mtu anaanza akiwa hana jina, lakini ipo ngazi, na kila kipandio kinaonekana.

Ngazi hiyo ilijengwa kwa umoja wa wafanyakazi. Mei 2, 2023, waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waliweka kalamu chini. Vipindi vya vichekesho vya kila usiku vilinyamaza mara moja. Wachekeshaji mashuhuri, wenye mishahara minono, walibaki hawana la kusema. Mgomo ulidumu siku 148, hadi Septemba 27, na waajiri wakakubali masharti mapya. Wafanyakazi wa nchi hii hawahitaji kufundishwa maana ya tukio hilo. Jasho lisiloonekana huonekana siku linapokauka.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Nchini Uganda, Wycliffe Kiyingi alianzisha African Artists Association mwaka 1954, akaandika michezo kwa Kiganda, kisha akaandikia redio mchezo wa mfululizo uitwao Wokulira, uliopendwa sana katika miaka ya 1960. Hakungoja kuambiwa kwamba lugha ya nyumbani haitoshi. Mwenzake Byron Kawadwa, mwandishi na mkuu wa jumba la maonyesho la taifa huko Kampala, aliupeleka mchezo wake wa nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, kwenye tamasha la sanaa za Waafrika lililofanyika Lagos mwaka 1977. Mwaka huohuo aliuawa na watu wa utawala wa Idi Amin. Dikteta alijua jambo ambalo watu wengi wema hawalijui, kwamba mtunzi wa mchezo ana nguvu.

Nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliunda kundi la Redykyulass wakathubutu kumwiga kwenye televisheni Rais Daniel arap Moi angali madarakani. Mbingu hazikuanguka. Hapa nyumbani, katikati ya miaka ya 2000, Ze Comedy ya EATV iliwaiga viongozi, wahubiri na wasomaji wa habari, na familia zikawa zinakusanyika kwa jirani mwenye televisheni ili kuitazama. Kundi hilo lilipohamia TBC1, jina lilikuwa limezua mgogoro, na wasanii wakajiita Ze Orijino Komedi. Tukio hilo lilikuwa somo kwa kila mtu anayetunga: yawezekana kichekesho kikawa kimetoka kichwani mwako, na jina lake likawa si mali yako.

Somo chungu zaidi lilitoka Tanga. Amri Athumani, aliyejulikana na taifa zima kwa jina la King Majuto, alizaliwa mwaka 1948, akapanda jukwaani angali mtoto, akachekesha kwa karibu miaka 60. Maneno mengi yaliyowachekesha watu aliyatunga yeye mwenyewe, mdomoni, kamera ikiwa inazunguka. Alifariki Agosti 8, 2018. Kabla ya kifo chake suala la mikataba yake na ya wasanii wenzake lilifikishwa Serikalini, na Waziri mhusika, Dakta Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kulitazama. Ni fedheha kwa taifa kwamba mtu aliyelichekesha kwa miaka 60 afike jioni ya maisha yake akiwa bado anauliza kilichoandikwa katika mikataba yake.

Sasa yafaa kurudi kwenye nguzo ya tatu, ile ya usawa, maana hiyo ndiyo inayoigusa Gendabi moja kwa moja.

Kikundi kinapodaiwa kipindi kipya kila juma, bila mwandishi na bila muda, kitafanya nini? Kitashika kicheko kilicho karibu. Nacho kicheko kilicho karibu ni lafudhi ya mtu wa bara, mlinzi Mmasai, mtumishi wa nyumbani aliyetoka kijijini jana, mwenye kigugumizi, mwenye ulemavu. Ni kichekesho kilekile cha shule ya mkoloni, ila sasa kina rangi na muziki. Mtoto wa Hanang au Mbulu anayezungumza Kiiraqw au Kibarabaig nyumbani, na aliyejifunza Kiswahili darasani kwa juhudi, anawasha televisheni na kukuta kwamba yeye ndiye kichekesho. Wabarabaig wamekwisha kubebeshwa na wengine jina la Wamang'ati, lililotoka kwa Wamasai kwa maana ya adui. Hawahitaji kubebeshwa na jina la wajinga.

Hapo ndipo tofauti ya utani na dhihaka inapoonekana. Mtani humcheka anayeweza kumjibu. Televisheni humcheka mwanakijiji ambaye hana kamera ya kujibia. Kicheko cha namna hiyo hakimrudishi mtu katika jamii; kinamtoa. Na taifa lililotumia nusu karne kujenga umoja wa makabila zaidi ya 120 haliwezi kuruhusu umoja huo utafunwe kila jioni kwa jina la burudani.

Mwandishi mzuri anaweza kuigeuza shabaha. Akipewa muda wa kufikiri, ataona kwamba kinachochekesha kweli si lafudhi ya mzee aliyefika ofisini kutafuta hati ya ardhi. Kinachochekesha ni karani anayemwambia arudi kesho kwa siku tisa mfululizo, kwa sababu mwenye muhuri kaenda semina ya kuboresha huduma kwa wananchi. Lafudhi haihitaji mtunzi. Kila mtoto anaweza kuiga. Karani yule anahitaji mtunzi, kwa kuwa lazima mtu aijue ofisi, aujue mfumo, apange kisa, aandae mwanzo, katikati na neno la mwisho litakaloangusha ukumbi. Kumcheka mnyonge ni kazi rahisi. Kuucheka uovu ni kazi ya kalamu.

Watumishi wa umma waliomo katika hadhara hii wasiudhike kwa mfano huo. Mtumishi mwadilifu akicheka kichekesho cha karani mvivu, anacheka kwa sababu anamjua, na yawezekana amechoka kufanya kazi za watu wawili kwa sababu yake. Chama kilichojengwa na wakulima na wafanyakazi hakina sababu ya kumwogopa mtu anayemcheka mla rushwa, kwa kuwa mla rushwa ni adui wa Chama kabla hajawa adui wa mchekeshaji. Kiongozi anayekasirika anapoigwa huwa ametangaza mwenyewe kwamba nguo imemtosha.

Basi ni lipi la kufanya? Kwanza, kalamu. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, aliyefariki mwaka 1969, alishughulikia ngonjera, na ngonjera zake zikaenea katika shule za nchi nzima hata baada ya yeye kufa. Zilienea kwa sababu ziliandikwa. Mwalimu aliyekuwa mbali kabisa na Dodoma aliweza kufungua kitabu, kugawa nafasi kwa wanafunzi, na jioni kijiji kikakusanyika kusikiliza. Kila shule huwa na sherehe za kufunga mwaka na mahafali, na kila sherehe huwa na kichekesho. Vichekesho hivyo vinatungwa, vinachezwa, vinasahauliwa. Mwalimu wa Kiswahili na aviandike. Daftari moja la kurasa 96 litatosha kwa kuanzia: jina la kisa, jina la mtunzi, tarehe, wahusika na maneno yao. Mwanafunzi atakayeona jina lake limeandikwa juu ya kazi yake atakuwa ameanza kupanda ile ngazi.

Pili, sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, na kwa sheria hiyo ikazaliwa COSOTA. Lakini sheria hailindi wazo tupu lililo kichwani. Inalinda kazi iliyopewa umbo. Kisa kilichosimuliwa kwa mdomo chini ya mti ni vigumu kukithibitisha mbele ya hakimu. Mswada wenye jina na tarehe ni shahidi asiyesahau. Afisa utamaduni wa wilaya atakuwa ametenda wema mkubwa akiwaeleza vijana jambo hilo kabla hawajaweka sahihi, kuliko kuwafariji baada ya kutia sahihi.

Tatu, jina na ujira. Vituo vya televisheni huorodhesha mwishoni mwa kipindi aliyepamba nyuso, aliyeshona mavazi na aliyeendesha gari. Hayo ni mema na yaendelee. Lakini mahali pa mtunzi mara nyingi huwa tupu, au pamejazwa jina la kundi zima. Alipwe kwa kila mswada, na kazi yake ikirudiwa alipwe tena, kama mkulima anavyolipwa kwa kila gunia na si kwa gunia la kwanza peke yake.

Nne, watu wa bara wajiandikie wenyewe. Mbulu na Hanang ni eneo ambalo lugha za Kikushi, Kinailoti na Kibantu zinakutana kwenye mnada mmoja. Mnadani humo mfugaji na mnunuzi hupimana akili kwa saa nzima juu ya bei ya dume moja, kila mmoja akiamini kwamba amemzidi mwenzake. Hicho ni kisa kilichokamilika, na wote wawili ni werevu. Kinangoja mtu wa kukiandika anayewajua na kuwaheshimu wote wawili, na mtu huyo hatatoka Dar es Salaam.

Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi,

Kijiji kilichozika watu wake katika tope hakipewi kicheko kama hisani. Kicheko ni haki yake, kama maji safi na kama shule. Kitakapoanza kucheka tena kwa sauti, na kicheke kwa maneno yake chenyewe, juu ya mambo yanayostahili kuchekwa. Na yule aliyeyatunga maneno hayo, awe mwalimu wa darasa la tano au kijana mchunga ng'ombe aliyejaliwa ulimi, jina lake liandikwe na haki yake itolewe, kama watani wetu walivyopewa yao tangu zamani.